Kesi ya Kioo cha Wifi

Benchi lenyewe lina miguu mitatu ya mti na mmoja wa matofali, limeegemea ukuta wa nyumba yangu upande wa barabarani, na wanaolikalia wanajiona wameajiriwa. Ikishapita saa nane mchana wanafika bila kuitwa. Kuna Mhuri, karani mstaafu wa ofisi ya ardhi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa neno lake analiona limeshagongwa mhuri kabla hajalimaliza. Kuna Wembe, kinyozi wa duka la mkabala, anayemwacha mteja na povu shavuni avuke barabara kuja kuchangia hoja. Na kuna Soli, mshona viatu, ambaye kazi yake anaifanyia hapo hapo benchini, kwa hiyo yeye angalau ana kisingizio. Mie nachemsha kahawa. Wananiita Bibi. Kusoma sikusoma, ila ugomvi wa ukoo huu wote ninao kichwani, tangu wa babu zangu waliogombea mlango, na atakayebisha nitamtajia siku na nguo aliyovaa.

Siku ninayoisema sikuwaachia waje kwa kahawa tu. Niliwaita wawe wazee.

Binti yangu alikuwa amerudi kwangu, wiki ya tatu hiyo, ameiacha nyumba ya mumewe. Mume mwenyewe ni fundi vioo, ana kibanda chake cha kukata vioo vya madirisha, na nilimpelekea ujumbe afike saa kumi aje aseme anamtaka mkewe au hamtaki. Sasa kesi kama hiyo inataka wanaume wa upande wa mke wakae. Wa kwetu wamebaki wawili: mmoja hasikii, na mwingine anasikia vizuri ila akifika mlangoni hakumbuki alichosikia. Nikachukua waliokuwepo. Nikawaambia wavae viatu vya kufunika vidole, na Soli peke yake ndiye aliyevaa ndala.

Kosa la mkwe wangu nikawaeleza mwanzo mpaka mwisho. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, siku ya harusi alimpa binti meza ya sebuleni. Meza ya kioo, kioo kinene kama kidole gumba. Alivyoitoa, aliitoa kwa kipaza sauti, akataja jina lake mara tatu ili hata wapishi kule nyuma wasikie, na mie nilikuwa nimekaa pale na sufuria zangu sita nikaonekana nimeleta makopo. Sawa. Miaka sita meza ikakaa. Mwaka wa saba mkwe wangu akakitoa kile kioo, akakikata duara mbili, kila moja kama sahani, akaiacha meza imesimama mifupa mitupu. Hakumwambia mtu. Wifi akaja kutembea, na yeye ana tabia ya kuutupa mkoba wake mezani bila kutazama, kama mwenye nyumba. Mkoba ukapita katikati ya fremu ukaenda sakafuni, na miwani yake ilikuwa humo. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwa binti, na kwangu pia hajakanyaga, maana anasema mie ndiye niliyechagua mkwe.

– Na duara mbili alizipeleka wapi? akauliza Mhuri, kalamu mkononi, kama vile hajui. Mtaa mzima unajua.

Alizipeleka chumba cha nyuma, kwenye pipa lililojazwa mchanga. Mtaa ulimpa jina la Mnajimu, na kuna wanawake wawili walishampelekea viganja vyao awasomee. Wala si mnajimu. Alikuwa anatengeneza darubini. Kioo kimoja kinabanwa juu ya pipa, cha pili kinalazwa juu yake, katikati maji na unga wa msasa, halafu ni kusukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, huku pipa linazungukwa hatua kwa hatua. Saa kwa saa, siku kwa siku, miezi kumi na minne. Kile cha juu kinabonyea polepole kama kiganja kinachokinga maji, cha chini kinavimba. Kilichobonyea ndicho jicho la kutazamia nyota. Mie kila nikipita pale mchana nasikia kwaruu, kwaruu, nikidhani ni wenye nyumba ya nyuma wanasaga kitu.

Alipomaliza akakiweka kwenye bomba la plastiki, akaniita na mie nitazame. Ilikuwa saa nne asubuhi, akaelekeza kwenye tangi la maji la mtaa. Nikatazama nikaona tangi limesimama kichwa chini miguu juu. Nikamuuliza, baba, mwaka na miezi miwili umesugua ili upindue tangi? Akasema kwa nyota haidhuru, nyota haina juu wala chini. Nikanyamaza, maana mtu aliyekuletea mahari ukimjibu yote unayoyafikiri unaonekana huna adabu.

Wazee wangu waliposikia hayo wakasahau kesi, wakaingia kwenye darubini.

Wembe akasema ugonjwa huo anaujua, unawapata wanaume wenye nyumba ndogo. Mtu hana pa kukaa ndani, anatoka uani, akishatoka uani hana cha kutazama, anatazama juu. Akijengewa nyumba kubwa anapona. Yeye amewanyoa watu wa namna hiyo, anawatambua kwa shingo: imekaza nyuma, haigeuki kwa mke wala kwa kinyozi.

Mhuri akamwambia asizungumze asichokisoma. Yeye amesoma, kwenye magazeti ya zamani yaliyokuwa yanafungiwa mafaili kule ofisini. Akasema kutazama nyota bila kuwa msomi wa nyota ni jambo lenye historia, na waliofanya mengi walikuwa watu wa kazi nyingine kabisa. Kulikuwa na mpiga muziki mmoja huko ughaibuni, zamani, akifundisha watu vinanda mchana, akirudi nyumbani anasugua vioo vya darubini. Nyumba nzima ikawa karakana. Alisugua siku moja saa kumi na sita bila kuondoa mikono, na dada yake akamlisha tonge kwa tonge mdomoni ili asiache. Ndiye aliyekuja kuona sayari ambayo hakuna aliyekuwa anaijua, yeye, mtu wa vinanda.

– Na huyo dada alikula saa ngapi? nikauliza.

Mhuri akasema gazeti halikuandika.

– Basi hukusoma. Uliangalia picha.

Akachukia kidogo, akaendelea kwa kujilazimisha. Akasema huyo dada naye alikuja kuwa mtazama nyota mkubwa, akaona nyota za mkia kadhaa yeye mwenyewe wa kwanza. Kaka alipokuja kuoa, dada akahama nyumba.

Hapo ndipo nilipoweka birika chini. Nikamwambia wewe mtu huna akili, umeanza na vinanda, sayari, mikono saa kumi na sita, na ugomvi umeuweka mwisho kama chumvi iliyosahauliwa. Walisemezana nini siku anahama? Nani alibeba vyombo? Kioo kilibaki kwa nani? Mhuri akasema hayo hayajulikani. Bila shaka hayajulikani. Waliokuwa wanaandika ni wanaume, wakatazama juu.

Soli, aliyekuwa na viatu vya mtu kwenye magoti anapiga uzi, akasema yeye haamini habari ya sayari. Yeye anajua darubini zilitengenezwa kwa ajili ya viwanja. Mwezi umeshapimwa, umekatwa viwanja, na kuna watu wana hati. Ndiyo maana wanautazama kila siku, wanalinda mipaka. Mhuri, ambaye ardhi ndiyo kazi aliyostaafia, akamuuliza hati hizo zimesajiliwa ofisi gani. Soli akamjibu kwamba mwezi unatuonyesha uso mmoja tu tangu tuzaliwe, uso wa pili hatujawahi kuuona, na ofisi ziko huko.

Hilo la uso mmoja Mhuri alilijua kuwa kweli, kwa hiyo akakosa pa kushika.

Wembe akaona anapitwa. Akasema wote wawili wanadanganywa, hakuna sayari yoyote iliyowahi kuonekana na mtu wa vinanda. Ilikuwa uchafu wa kioo. Yeye anafuta vioo vya kinyozi kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, anazijua sayari zote, nyingine zina pete. Mtu anaona doa, anapuliza, doa linasogea, anaandika limezunguka.

– Na jua? akauliza Mhuri. Kulikuwa na mwuza dawa mmoja, alihesabu madoa ya jua, kila siku yenye jua, miaka na miaka. Alikuwa anatafuta sayari iliyojificha karibu na jua, hakuipata. Akapata kwamba madoa yanaongezeka na kupungua kwa mzunguko, kila miaka kumi hivi. Wasomi hawakuwa wamelijua hilo. Nayo ni uchafu wa kioo?

– Nayo, akasema Wembe. Alikuwa anafuta kioo kila miaka kumi.

Soli akacheka mpaka sindano ikamchoma. Mie nikawaangalia hao wazee wangu, wanaume watatu wenye umri wa kuzikwa, tangu saa nane wanazozana habari ya mbingu na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Mwezi ulikuwa umeshatoka mchana ule ule, nusu, mweupe, umekaa juu ya paa la kinyozi. Niliuona nilipokuwa namwaga masimbi ya kahawa. Sikuwaambia.

Nikawarudisha kwenye kesi. Tukakubaliana hukumu kabla mshtakiwa hajafika, ili tusipoteze muda. Alete kioo cha meza, unene ule ule au zaidi. Amwendee wifi na miwani mpya, amwombe radhi akiwa ameketi chini. Bomba lile la plastiki liondoke nyumbani. Akitimiza hayo, mke anamchukua siku hiyo hiyo. Mhuri aliuliza kama binti mwenyewe ameulizwa. Nikamwambia binti ni wangu, nilimzaa mie, anachokitaka nakijua. Alikuwa ndani, kwenye cherehani yake, maana alikuja nayo na anashona sare za watu chumbani kwangu. Tulikuwa tunaisikia inavyokwenda.

Saa kumi kamili mkwe wangu akatokea. Hakuja na wazee wa kwao. Alikuja anasukuma baiskeli, na juu ya baiskeli kuna kitu kipana kimefungwa blanketi, kimebanwa kwa kamba za mpira. Akanisalimia shikamoo mama, akawasalimia wazee mmoja mmoja, akafungua blanketi. Kioo cha meza. Kipya, kingo zimepigwa msasa mpaka hazikati, kinene kupita kile cha wifi. Wembe akakigonga kwa ukucha akatikisa kichwa kwa heshima. Mie mwenyewe, nisiseme uongo, nikawaza uso wa wifi atakapokiona.

Mhuri alisimama akamsomea hukumu yote, na mkwe akaitikia kila kipengele. Radhi, ataomba. Miwani, atanunua. Bomba, hapo akazishika kamba za mpira, akasema litaondoka.

Cherehani ikanyamaza. Binti yangu akaja mlangoni, futi ya kupimia nguo shingoni, akakitazama kioo kile juu ya baiskeli. Akamtazama mumewe. Akarudi ndani, na cherehani ikaanza tena.

– Amekubali, akasema Mhuri.

Kahawa ikamiminwa kwa furaha. Soli akampisha mkwe nafasi benchini, Wembe akaanza kumtania habari ya shingo, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri hivyo ndipo akaja mwanamke mmoja.

Alikuwa mtu mzima wa makamo, koti jeupe la dukani amelikunja mkononi. Akasema samahani, ameelekezwa kwenye kibanda cha vioo kwamba fundi yuko huku. Yeye ni mfamasia. Mkwe akasimama haraka, akatueleza kwamba huyu ndiye aliyekipaka kile kioo cha darubini madini ya kung'aa upande wa mbele, alichanganya dawa yeye mwenyewe dukani kwake, na wote wawili wako kwenye chama cha wapenzi wa nyota kinachokutana kila mwisho wa mwezi kwenye uwanja wa shule. Nikampa kikombe. Akakaa ukingoni, akanywa funda moja, akamgeukia mkwe wangu.

Akasema hakuja kumsumbua. Ana swali dogo. Tangu pale mkutanoni mwezi uliopita, wote walipotazama kupitia kioo cha mkwe wangu na kukisifu, yeye hajalala vizuri. Na yeye anasugua kioo chake nyumbani. Ameshakiharibu mara tatu. Kila mara kinakwenda vizuri, halafu anapitiliza, anarudi kwenye unga wa mwanzo.

– Nataka kujua kitu kimoja tu. Ulijuaje kwamba sasa basi? Kwamba kimetosha, ukiongeza hata mzunguko mmoja unakiharibu?

Mhuri, kwa mazoea, akajibu yeye. Akasema lazima kuna kipimo. Mwanamke akamuuliza kipimo gani. Mhuri akasema cha kitaalamu. Wembe akasema ni kama kunoa, unasikia mkononi. Mwanamke akamuuliza unasikia nini. Wembe akatazama upande wa duka lake kama vile ameitwa. Soli alikuwa ameinama kwenye kiatu, uzi umemwishia na sindano bado inapanda na kushuka.

– Nimwachie mwenyewe, akasema yule mfamasia, kwa adabu kabisa. Maana pale mkutanoni ulisema umekisugua peke yako, kwa mikono yako miwili.

Mkwe wangu akaitazama mikono yake. Ni mikono ya kukata vioo, ina makovu madogo madogo. Sikujua lini cherehani ilikuwa imenyamaza tena, ila nilipogeuka binti alikuwa amesimama mlangoni.

– Sijui, akasema mkwe.

– Hujui vipi, na kioo ni chako?

– Nilikuwa natoka kazini jioni, nakuta ameshaacha. Yeye ndiye aliyekuwa nacho kutwa. Nikishika naambiwa leo sukuma, leo usikiguse. Sikuwahi kumuuliza anajuaje.

– Nani?

– Mke wangu.

Kwaruu ile niliyokuwa naisikia mchana, mie nipitaye na kikapu changu, mume yuko kazini, ikanirudia masikioni nikaona aibu.

– Kule mkutanoni ulijua, akasema binti yangu.

– Kule nilisema uongo.

– Nilikuwa nimesimama nyuma yako hatua tatu, nimeshika maji ya kunywa ya wageni wako. Walipokupigia makofi nikangoja. Nikasema sasa atageuka.

Mkwe alikuwa amesimama katikati ya baiskeli na benchi, hana pa kuweka mwili wake. Mhuri akataka kuingilia, akaanza kusema kwamba kwa mujibu wa makubaliano, nikamkanyaga mguu.

Binti akamuuliza mfamasia mkutano mwingine ni lini. Akaambiwa Jumamosi hii inayokuja.

– Basi Jumamosi, akamwambia mumewe. Pale pale uliposimama, mbele ya wale wale. Mie nitakuja nisikie. Yetu ya nyumbani tutayazungumza baada ya hapo, sisi wawili.

– Nitasema.

– Na hicho kioo rudi nacho. Nani alikwambia nalilia meza?

Mkwe akanitazama mie. Wazee wangu watatu wakanitazama mie. Nikajifanya napanga vikombe.

Nitakuambia nilichokuwa nakiwaza. Wiki tatu binti yangu amelala chumba kimoja na mie. Tumekula sahani moja. Kila aliyepita nimemsimulia kesi yake, na mkoba wa wifi, na miwani, na sufuria zangu sita, naye anashona pale pale anasikia. Siku hata moja sikumuuliza, mwanangu, umekuja kwa nini. Ungeniuliza ugomvi wa babu yangu na kaka yake ningekutajia hata mbwa aliyekuwa anabweka.

– Dada, karibu ndani, binti akamwambia mfamasia. Si jambo la kueleza barabarani. Nipe mkono wako nikuonyeshe.

Wakaingia. Mkwe wangu akakifunga kioo chake blanketi, taratibu, akaaga, akasukuma baiskeli akaenda. Wazee wangu wakabaki wamekaa, wanaume watatu waliokata kesi isiyokuwepo. Mhuri akasema kwa kweli ni suala la kipimo. Wembe akakumbuka ana mteja.

Nikachukua birika nikaingia. Walikuwa mezani kwangu, vichwa vimekaribiana, binti ameushika mkono wa yule mgeni na wanausugua juu ya meza pole pole, mbele na nyuma, na anamwambia, hapa, sikiliza, umesikia sauti ilivyobadilika? Mgeni akasema hajasikia. Wakaanza upya. Kiti cha tatu kilikuwa kitupu, na mie nikasimama na birika langu kwenye mlango wa nyumba yangu mwenyewe, nikingoja mtu aniambie nikae.